Siti za Juu Kabisa: Lini Ununue, Lini Uziache

Majuzi usiku mmoja binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka London anakosoma. Akanipa shikamoo, akauliza habari za nyumbani na joto letu la Dar, kisha akaingia kwenye shida yake. "Shangazi, kuna mchezo wa muziki nautaka sana. Tiketi ya siti za chini paundi 85, ya ghorofa ya juu kabisa paundi 25. Nichukue ya juu, au nitatupa hela nikaishie kutazama visogo vya watu?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimuuliza maswali kwanza, na tukakaa kwenye simu karibu saa nzima. Ni maswali yale yale ninayowauliza wenzangu hapa mjini kila kukiwa na tamasha, mechi kubwa au igizo, wanaponiambia wamekwama kati ya tiketi ya bei poa na ile ya mbele. Siti za juu nimezikalia sana, hapa kwetu na katika miezi niliyoishi Uingereza kwa kozi, na msimamo wangu hauna kificho: zinafaa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Ila usinunue ghorofa, nunua kiti. Ndani ya ghorofa moja, kwa bei moja, kipo kiti kitakachokupa jioni nzuri na kipo kitakachokuuma roho mpaka unafika nyumbani. Kazi yako ni kuvitenganisha kabla hujalipa.

Hatua ya kwanza: jiulize unakwenda kuona nini

Wengi huanza na bei. Anza na onyesho lenyewe.

Igizo la watu wawili watatu, lenye mazungumzo mengi, kunong'ona na vimya virefu, usilinunulie siti ya juu kwenye ukumbi mkubwa. Hapo uso wa mwigizaji ndio mchezo. Wasanifu wa kumbi hutumia kipimo cha mita 20 hivi: ukizidi hapo, jicho la kawaida linaanza kupoteza vitu vidogo vya usoni, mdomo unaokaza, macho yanayokwepa. Kwa igizo la namna hiyo jibane ukae karibu, au subiri lichezwe kwenye ukumbi mdogo. Pale Little Theatre ya Oysterbay ukumbi ni mdogo kiasi kwamba swali lenyewe halipo. Nenda tu.

Ngoma na dansi ni kinyume chake. Wachezaji ishirini wakijipanga, wakafumuka, wakakutana tena katikati, aliyekaa safu ya mbele anaona miguu na migongo ya walio karibu naye. Aliye juu anaona mchoro mzima. Baleti na michezo ya muziki yenye wachezaji wengi hupangwa na mtu anayefikiria mistari, miduara na pembe tatu, na vitu hivyo havionekani vizuri ukiwa usawa wa sakafu. Kwa maonyesho haya naweza kulipa pungufu na nikaona zaidi, na sioni sababu ya kujionea huruma.

Muziki usiotumia spika, kama opera na okestra, unapanda vizuri sana. Juu sauti za ala hufika zimeshachanganyika, tofauti na mbele ambako fidla iliyo karibu inameza zilizo mbali. Ndiyo maana katika miji ya opera wajuzi wenyewe hukaa juu. Kule Milan, kwenye ukumbi wa La Scala, watu wa roshani ya juu ya bei nafuu wanaogopwa na waimbaji kuliko matajiri wa chini. Disemba 2006 mwimbaji Roberto Alagna alizomewa kutoka huko juu, akaondoka jukwaani katikati ya onyesho la Aida, na mbadala wake akalazimika kuingia na nguo zake za kawaida kuendeleza wimbo. Mtu asiyesikia vizuri hawezi kumzomea mwimbaji kwa ujasiri huo.

Muziki wa spika ni habari nyingine. Hapo sauti bora haiko mbele wala juu, iko karibu na fundi wa mixa, kwa sababu yeye anarekebisha kila kitu kwa masikio yake mahali alipoketi. Ukiingia ukumbini mtafute kwa macho kwanza. Kama tiketi yako ya kawaida inakuruhusu kukaa nyuma yake kidogo, umepata sauti ya VIP kwa bei ya kawaida.

Na taarab? Hapa nawaambia ndugu zangu wote: usikae juu. Taarab ni ya kutunza. Beti likikugusa unainuka na noti yako, unakwenda kwa mwendo wako mpaka kwa mwimbaji, unarudi umeridhika. Huwezi kushuka ghorofa mbili huku wimbo ukikuishia njiani. Kaa chini, pembeni mwa njia ya kupita, hata kama ni safu ya nyuma.

Mpira umenifundisha thamani ya kukaa juu kuliko ukumbi wowote. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye siti 60,000, una njia ya riadha kati ya majani na watazamaji. Kwa hiyo hata aliye safu ya chini kabisa yuko mbali, na ubaya zaidi anatazama kwa usawa: mpira ukienda upande wa pili haelewi umetoka nje au bado. Nilimpeleka baba yangu mzunguko wa juu, siti za kawaida za bei nafuu, kwenye mechi ya Simba na Yanga, nikiwa na wasiwasi kwamba nimemkosea heshima kwa kutomnunulia VIP. Dakika ya kumi akaniinamia akasema, "Mwanangu, huku ndiko anakopaswa kukaa kocha." Alikuwa anaona mabeki wanavyopanda, anaona winga aliyeachwa peke yake kabla pasi haijapigwa. Kamera kuu za televisheni nazo huwekwa juu kwa sababu hiyo hiyo. Kasoro moja ni sauti: mwendo wake ni kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ukiwa mita 100 kutoka kwenye ngoma ya mashabiki, mkono wa mpigaji unaonekana umeshuka karibu theluthi moja ya sekunde kabla hujasikia mlio. Kwa mechi haisumbui. Kwa msanii anayeimba uwanjani siku za Simba Day au Wiki ya Mwananchi, sherehe za klabu za Simba na Yanga, utaona mdomo na wimbo vinapishana, na wapo ambao jambo hilo huwaharibia kabisa.

Vichekesho vya jukwaani vinategemea. Kama kuna skrini kubwa, juu panatosha. Kama hakuna, uso unahitajika, rudi kwenye kanuni ya igizo.

Hatua ya pili: pima umbali kwa macho yako mwenyewe

Ramani ya siti inakwambia uko safu gani, haikwambii utaona nini. Nina njia mbili za kujipima, zote za bure.

Ya kwanza nenda kiwanja chochote cha mpira chenye mistari, hata cha shule. Mwambie rafiki asimame kwenye mstari wa goli, wewe simama hatua tatu nne nje ya kumi na nane. Mstari wa kumi na nane uko mita 16.5 kutoka golini, kwa hiyo hapo uko kwenye mita 20 hivi. Mwambie abadilishe uso: acheke, akasirike, ajifanye anakaribia kulia. Utamsoma, kwa shida kidogo. Kisha rudi nyuma mpaka mstari wa katikati, karibu mita 50, mfanye arudie. Utaona mwili wake, mikono yake, namna anavyosimama. Uso umekwenda. Baada ya zoezi hilo hutahitaji mtu kukueleza maana ya siti ya mbali.

Ya pili ni kibiriti. Chukua boksi la kawaida la njiti, lenye urefu wa kama sentimita 5, lishike kwa mkono ulionyooka. Likiwa limesimama wima, huo ndio urefu wa mwigizaji mzima aliye mita 20 kutoka kwako. Lilaze kwa ubavu wake, ule wa sentimita 3 na nusu hivi, huyo ni mwigizaji aliye mita 30. Kwenye mita 50 anabaki sentimita 2, na kwenye mita 100 ni kama ukucha wa kidole kidogo. Nilimpa mpwa wangu zoezi hili kwa simu. Hakuwa na kibiriti, akatumia rula.

Sasa, kumbi nyingi za zamani za London si ndefu. Zilijengwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 kwenye viwanja finyu vya katikati ya mji, hivyo wajenzi wakapandisha watu juu badala ya kuwarefusha nyuma. Mtu wa ghorofa ya tatu, safu ya mbele, anaweza kuwa karibu na jukwaa kuliko mtu wa safu ya mwisho chini. Anachopoteza ni pembe zaidi kuliko umbali: anawaona waigizaji kwa juu, kofia na mabega kwanza, na wakija ukingoni kabisa mwa jukwaa anaweza kuwakosa.

Hatua ya tatu: elewa ukumbi umejengwaje

Sisi wa Dar tuna mkanganyiko wetu wenyewe hapa, na haukuja bure. Waulize wazee wa mjini waliokwenda Avalon, Empire, Empress au Odeon enzi za sinema. Kwenye sinema hizo balkoni ilikuwa ndiyo siti ya heshima na ya bei. Wa hela ndogo walikaa mbele, chini ya pazia, shingo zimepinda. Ilikuwa na mantiki: picha ya sinema ni kubwa na iko juu, kwa hiyo anayekaa mbali kidogo na katikati anaiona yote. Kwenye jukwaa la watu hai mambo yanageuka. Mwigizaji ni mdogo, kila mtu anataka kumsogelea, na aliyepandishwa juu analipa kidogo. Shangazi yangu mkubwa hakuamini nilipomweleza kwamba Ulaya balkoni ya mwisho ni ya makapuku. Kwake balkoni ilikuwa mahali ulipovaa gauni lako la Idi.

Wafaransa wameipa ghorofa hiyo ya juu majina mawili, "paradis", yaani peponi, na "poulailler", banda la kuku. Yote mawili ni ya kweli, kutegemea umekaa wapi. Kwenye ramani za Waingereza utakuta Stalls, hapo ni chini. Dress Circle au Royal Circle, ghorofa ya kwanza, mara nyingi mahali pazuri kuliko pote. Upper Circle au Grand Circle juu yake. Na mwisho Balcony au Gallery, palipo karibu na dari. Zamani watu wa huko juu waliingilia mlango wao wa pembeni ili wasipishane na matajiri, na walikaa kwenye mabenchi. Baadhi ya kumbi mlango huo wa pembeni bado unatumika, kwa hiyo ukikutana kwenye ngazi kuu na wenzako wa chini huenda mkaachana mpaka onyesho liishe.

Kumbi zetu nyingi za Dar, hasa zile za mikutano na harusi zinazogeuzwa kuwa za maonyesho, hazina juu. Ni sakafu bapa na viti vilivyopangwa, mbele meza za VVIP, kisha VIP, kisha kawaida. Hapa ndipo tiketi ya bei ya chini inapoumiza kweli, na sababu yake ni ya kimaumbile. Kutoka jichoni mpaka utosini binadamu ana kama sentimita 12. Ili uone juu ya kichwa cha aliye mbele, mstari wa macho yako lazima upite sentimita hizo 12 juu ya macho yake, na wa nyuma yako vivyo hivyo, safu kwa safu. Ngazi kali za roshani zinakupa hilo. Sakafu bapa haikupi chochote. Nilinunua siti ya kawaida kwenye ukumbi mmoja wa mjini, safu ya tatu kutoka mwisho, kwa ajili ya igizo nililolisubiri miezi. Mbele yangu vilemba vitatu vya harusi na mikono iliyoinua simu. Igizo lile nililitazama kwenye kioo cha simu ya kijana aliyekuwa akilirekodi, nikatoka na majonzi, kwa sababu wasanii wale walifanya kazi kubwa na mimi sikuwaona.

Kwa hiyo ukiona tiketi ya nafuu Dar, uliza swali moja kabla ya yote: viti vya nyuma vimeinuliwa, au viko usawa mmoja? Kama viko usawa mmoja, mambo mawili tu yanaokoa: kuwahi ukakaa kwenye njia ya kupita, au kulipa zaidi. Kama kuna roshani, hata ya bei ya mwisho, ichukue kuliko nyuma ya sakafu bapa. Kwa hili sina shaka hata kidogo.

Kuna mahali pengine bei imepinduka tena. Shakespeare's Globe ya London, iliyofunguliwa mwaka 1997, siti za kukaa ziko kwenye roshani na walio karibu kabisa na jukwaa ni watu wa kusimama, kama 700, ambao kwa miaka mingi walilipa paundi 5 tu. Ukiwa na miguu yenye nguvu na koti la mvua, hakuna tiketi nafuu yenye thamani kuliko hiyo. Royal Albert Hall nayo, wakati wa Proms, matamasha yake ya muziki wa okestra, huuza tiketi za kusimama roshani ya juu kabisa. Ukumbi ule ulisumbuliwa na mwangwi kwa karibu miaka mia moja, mpaka mwaka 1969 waliponing'iniza darini visahani vikubwa vinavyofanana na uyoga ili kuutawanya. Aliye juu anaviona karibu yake kabisa.

Hatua ya nne: soma ramani ya siti kama unavyosoma mkataba wa pango

Ukishaamua ni juu, sasa chagua kiti.

Katikati kuliko pembeni, hata kama itabidi urudi safu mbili tatu nyuma. Kumbi za zamani zimepinda kama kiatu cha farasi, na anayekaa ncha ya upinde anaona nusu ya jukwaa na ukuta wa pili. Mita chache za ziada za umbali hazikuumizi kama kukosa robo ya jukwaa.

Safu ya kwanza ya roshani inavutia, lakini ichunguze. Mbele yake kuna chuma cha usalama, na kwa mtu mfupi au mtoto chuma hicho kinapita katikati ya jukwaa kabisa. Safu ya pili au ya tatu mara nyingi ni bora, na wakati mwingine ni nafuu zaidi. Safu ya mwisho kabisa ina uzuri wake pia, hakuna mtu nyuma yako, unaweza kuinuka kidogo bila kumkosea yeyote.

Angalia nguzo. Majumba yaliyojengwa kabla mihimili ya chuma haijawawezesha wajenzi kuning'iniza roshani hewani yana nguzo katikati ya watazamaji, na tiketi ya nyuma ya nguzo huandikwa kwamba mtazamo umezuiwa. Maneno hayo yasome hadi mwisho. "Umezuiwa kidogo" kwa bei ya nusu unaweza kuwa mpango mzuri. Umezuiwa na nguzo mbele ya pua yako, acha.

Angalia pia kilicho juu yako. Ukikaa safu za nyuma chini ya ghorofa nyingine, dari yake inakata sehemu ya juu ya jukwaa. Mchezo ukiwa na mtu anayeonekana juu ya ngazi au dirishani, utamsikia tu. Opera huonyesha tafsiri ya maneno juu ya jukwaa, na mara nyingi wa roshani ya juu wanaisoma vizuri huku wa nyuma chini, waliofunikwa na dari, wakikosa.

Na uliza kama onyesho linatoka nje ya jukwaa. Ukumbi wa Lyceum, London, tangu mwaka 1999 unaonyesha mchezo wa muziki wa The Lion King, ambao kwetu una mvuto wa pekee kwa kuwa wahusika wake wanaitwa Simba, Rafiki na majina mengine ya lugha yetu. Mwanzoni kabisa wanyama wanapita katikati ya watazamaji wa chini kuelekea jukwaani. Wa juu wanasikia kelele za furaha, wanaona kipande. Kwa mtoto anayekwenda mara ya kwanza, kipande hicho alichokosa ndicho ambacho angekikumbuka. Nikimpeleka mtoto, nalipa.

Uwanjani hakuna ramani ya maana kwa mzunguko, unakaa unapowahi. Angalia jua tu: mechi ya saa kumi, aliyeketi upande wa mashariki anatazamana nalo.

Hatua ya tano: hesabu ya usiku mzima

Tuseme tamasha la Dar lina tiketi ya 60,000 na ya 20,000. Unatoka Tegeta, gari la kwenda na kurudi 40,000, chakula na maji 15,000. Kwa mtu mmoja, usiku wa siti ya nafuu unagharimu 75,000, wa siti ya ghali 115,000. Tofauti si mara tatu kama tiketi zinavyokuambia, ni mara moja na nusu. Kama siti ya nafuu itakupa nusu ya onyesho, basi hukuokoa kitu, umelipa 75,000 kwa nusu.

Geuza sasa: mko wanne na gari ni lile lile. Tofauti ya tiketi ni 160,000. Hapo siti nzuri ya roshani inaanza kuwa jambo la kuleta familia nzima au kuwaacha wawili nyumbani, na mimi siku zote nitachagua wote twende, tukae juu.

Kwa anayependa sanaa hizi na anayeishi karibu nazo, kama mpwa wangu, hesabu ni nyepesi zaidi. Bei ya siti moja ya chini inamnunulia michezo mitatu ya juu na chenji inabaki. Mwanafunzi wa mwaka mmoja London aone mitatu.

Kabla ya kulipa, tazama pia kama kuna njia ya tatu. Kumbi nyingi za London na New York huuza tiketi za siku hiyo hiyo au za bahati nasibu kwa bei ndogo, na baadhi yake ni za safu ya mbele. Kibanda cha TKTS kipo Times Square tangu mwaka 1973 na Leicester Square tangu 1980, kinauza siti zilizobaki kwa punguzo. Na siku za katikati ya wiki, tiketi zisipouzwa, ukumbi unaweza kufunga ghorofa ya juu kabisa na kuwashusha wote chini bila nyongeza. Imenitokea mara moja. Usiitegemee, lakini ukiwa na uhuru wa siku, chagua Jumatatu au Jumanne kuliko Jumamosi.

Nunua mahali rasmi. Anayekuuzia "ya juu lakini karibu" mlangoni hakufai.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Ngazi ni nyingi na kumbi za zamani mara nyingi hazina lifti ya kufika juu. Mama mwenye magoti, mjamzito, mtu anayeona kizunguzungu akitazama chini, msimpandishe kwa sababu ya akiba. Roshani za juu ni kali kweli. Nimemwona mtu mzima akishuka safu kwa kukaa kitako kidogo kidogo, ameshika viti. Miguu mirefu nayo itateseka, nafasi za magoti ni ndogo, kwa hiyo mrefu akae kwenye njia ya kupita.

Joto hupanda. Hata majira ya baridi vaa nguo unazoweza kuvua moja moja. Nenda haja kabla hujapanda.

Beba darubini ndogo ya kuzidisha mara 3 au 4. Mwigizaji wa mita 30 anakuwa kama yuko mita 10, na huo ndio uso uliokuwa umeukosa. Usichukue ile ya mara 10, mkono ukitikisika kidogo picha nzima inaruka, na unapoteza jukwaa lote kwa kufuata pua ya mtu mmoja. Itumie kwa sekunde chache, kwenye wimbo mkubwa au ugomvi, kisha ishushe uone picha nzima uliyoilipia.

Jambo la mwisho nalisema kwa mkazo kwa sababu linawaumiza wengine: usiinamie mbele. Kwenye ngazi kali, mgongo wako ukiondoka kwenye kiti kichwa chako kinaingia katikati ya jukwaa la aliye nyuma, naye atainama, na wa nyuma yake atainama, mpaka safu sita zote zimeharibika kwa ajili yako. Ukiona wa mbele yako ameinama, mguse bega taratibu umwombe, "Samahani dada, ukiegemea tutaona sote." Wengi huwa hawajui.

Mpwa wangu aliamua usiku ule ule tukiwa bado kwenye simu. Siti ya paundi 25 aliyoiona ilikuwa pembeni kabisa, kiti cha pili kutoka ukutani. Kwa paundi 32 akapata safu ya tatu, katikati, ghorofa moja chini yake. Jana asubuhi nikakuta ujumbe wake: ameona kila kitu isipokuwa kona ya kushoto mbele, magoti yamemuuma kipindi cha pili, na ameshapata tiketi nyingine ya mwezi ujao, safu ile ile, kiti cha kwenye njia.